Kugongana, Kupishana, Kupokezana: Mwanafunzi wa Solitoni na Vitenzi Vyake

Mwanafunzi anayeingia katika masomo ya uzamili ya hisabati huwa amekwisha kuaminishwa jambo moja kuhusu mawimbi, nalo ni kwamba mawimbi hujumlishwa. Mawimbi mawili yakikutana mahali pamoja, kimo cha maji mahali hapo ni jumla ya vimo vyao. Yakiachana, kila moja hushika njia yake kana kwamba halikukutana na chochote. Imani hii hujengwa tangu shule ya sekondari, kwa kamba inayotikiswa ncha zote mbili na kwa beseni la maji, na kwa muda mrefu humtumikia vyema. Ndipo siku moja mwalimu wa somo la solitoni humpa zoezi lenye sura ya kitoto: wimbi lenye kimo cha 8 linalifukuza wimbi lenye kimo cha 2 katika mfereji mmoja, hata likalifikia, je, yakiwa yamepandana kabisa, kimo chao ni kiasi gani? Mwanafunzi huandika 10 hata kabla ya kukaa vizuri kitini. Jibu ni 6.

Si 10, wala si 8. Mawimbi mawili yaliyopandana ni mafupi kuliko moja lao lilipokuwa peke yake. Anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mpiga chapa amekosea, na si ajabu akapoteza jioni nzima akilitafuta kosa hilo. Halipo. Akipima eneo lililo chini ya kila wimbi, yaani kiasi cha maji kilichoinuliwa juu ya usawa wa kawaida, atapata 8 kwa lile refu (usawa huu wa eneo na kimo ni sadfa tu) na 4 kwa lile fupi. Na chini ya kile kilima kimoja chenye kimo cha 6 atapata 12. Maji hayakupotea. Kilima kimepungua kimo kikaongezeka upana, na baada ya muda mfupi kitagawanyika tena kuwa 8 na 2, lile refu likiwa sasa mbele na lile fupi nyuma, kila moja likiwa na umbo lake lilelile na mwendo wake uleule.

Kwa msomaji wa jarida la lugha, pengine kinachovutia zaidi si ile 6 bali kitenzi. Mwanafunzi huyo akiambiwa aweke chaki chini, aeleze kwa Kiswahili kilichotokea baina ya mawimbi hayo, atalazimika kuchagua, na kila atakachochagua kitakuwa na dai ndani yake. Vitabu vya Kiingereza, ambavyo ndivyo anavyovisomea, vimezoea neno moja tu kwa tukio hili, neno linalotumika pia kwa magari na kwa mipira ya mezani, na msomaji hulipita bila kulitazama. Kiswahili hakimruhusu kupita kwa urahisi hivyo. Kiambishi cha kutendeana kinamtaka kwanza aseme ni kitu gani hasa ambacho wawili hawa wametendeana.

Kitenzi cha kwanza kumjia ni *kugongana*. Lakini vitu vilivyogongana huacha alama: hubonyea, hurudi nyuma, huvunjika, au angalau hutoa kelele. Hapa hakuna kilichobonyea. Atajaribu *kupitana*, na hiki kinasema machache mno, kwa kuwa mawimbi ya kawaida, yale ya beseni, nayo hupitana. Akitulia atafika kwenye *kupishana*, na hapo lugha itakuwa imeikaribia hesabu kwa namna ambayo ingempendeza hata mtu asiyependa hesabu. Watu wawili wanaokutana katika njia nyembamba na kupishana hawabaki kila mmoja juu ya mstari uleule aliokuwa akiufuata. Kila mmoja amesogea kidogo ili mwenzake apate njia, na nyayo zao zitaonyesha hivyo. Ndivyo ilivyo kwa 8 na 2. Ukokotoaji unaonyesha kwamba, baada ya kukutana, wimbi refu linakuwa mbele ya mahali ambapo lingekuwa kama lisingekutana na mwenzake, kwa umbali wa takriban 0.55, na lile fupi linakuwa nyuma kwa takriban 1.10. Mwendo haukubadilika, umbo halikubadilika, ila mahali pamebadilika. Huo ndio ushahidi pekee kwamba mawimbi hayo yaliwahi kukutana. Na kwa kuwa lile refu lina maji mara mbili ya lile fupi, kusogea kwake ni nusu ya kusogea kwa mwenzake, mithili ya watu wawili wenye mizigo isiyo sawa.

Laiti mambo yangeishia hapo, kitenzi kingekuwa kimepatikana. Mwaka 1968 Peter Lax alichapisha kazi ambayo ndani yake alionyesha kwamba kukutana kwa mawimbi haya hakuna sura moja, bali kunategemea uwiano wa vimo vyao. Wimbi refu likizidi lile fupi kwa zaidi ya mara tatu, kama 8 inavyoizidi 2, lile refu hulimeza lile fupi, kikabaki kilele kimoja, kisha hulitapika nyuma yake. Lakini uwiano ukiwa chini ya takriban 2.62, vilele viwili huonekana tangu mwanzo hadi mwisho wala havipandani kamwe. Wimbi la nyuma, lile refu, linapomkaribia mwenzake huanza kupungua, na wakati huohuo lile la mbele huanza kuongezeka, mpaka la nyuma likawa fupi na la mbele likawa refu na kuondoka kwa kasi. Baina ya 2.62 na 3 upo ukanda mwembamba wenye tabia mseto, ambao wanafunzi wengi huusoma mara moja na kuusahau.

Sasa, ni nani atakayesema kwamba mawimbi ya aina ya pili yamepishana? Hakuna aliyempita mwenzake. Kitenzi kinachofaa ni kile cha wakimbiaji wa mbio za vijiti: *wamepokezana*. Aliyekuwa na kijiti cha urefu amemkabidhi wa mbele yake, naye amebaki nyuma akitembea. Hata hivyo, mlinganyo ni uleule, na mtu aliyetazama kabla na baada tu, bila kuona katikati, hawezi kutofautisha waliopishana na waliopokezana. Wimbi refu lilikuwa nyuma, sasa liko mbele. Je, ndilo lilelile? Swali hili huulizwa na karibu kila mwanafunzi makini katika juma la tatu au la nne la somo, na walimu wazuri hawalijibu upesi. Jibu la haki ni kwamba mlinganyo haulijui. Wimbi halina utambulisho mwingine zaidi ya kimo chake; kimo kikitajwa, mwendo umetajwa, upana umetajwa, kila kitu kimetajwa. Kwa hiyo vitenzi vyote viwili ni halali na vyote viwili vinaongeza jambo ambalo maji hayakulisema.

Ni vyema kueleza mlinganyo wenyewe unavyoonekana, kwa kuwa ni mfupi kuliko sifa zake:

u_t + 6uu_x + u_xxx = 0

Herufi u ni kimo cha maji juu ya usawa wa kawaida. T na x zilizoshushwa chini huonyesha kubadilika kwa kimo hicho kadiri wakati unavyopita na kadiri mahali panavyosogea. Kipande cha kati ndicho kinachovunja ile imani ya kujumlisha, kwa sababu ndani yake u inajizidisha na mabadiliko yake yenyewe: sehemu ya wimbi iliyo juu zaidi hukimbia zaidi, ikaifikia iliyo mbele na chini yake, na wimbi likasimama wima likitaka kuvunjika. Kipande cha mwisho hutenda kinyume; hulichana wimbi katika vijiwimbi vya urefu mbalimbali, kila kimoja na mwendo wake, hata likafumuka na kusambaa. Kimoja kikiachwa peke yake, wimbi huvunjika. Kingine kikiachwa peke yake, wimbi hutoweka. Vikiwekwa pamoja, lipo umbo moja tu la kilima ambalo kwalo kukaza na kufumua hulingana daima. Mwanafunzi hutakiwa kulitafuta umbo hilo kwa mkono wake. Ni hesabu ya kurasa mbili, na mwishoni hupata kwamba mwendo wa kilima ni mara mbili ya kimo chake na kwamba kilicho kirefu ni chembamba. Kosa la alama moja ya kutoa huzaa wimbi linaloelekea mbinguni, jambo ambalo takriban kila kundi la wanafunzi hulifanya.

Hapa pana jambo la istilahi lisilopaswa kupitwa. Kufumuka huku kwa wimbi kwa tabia yake lenyewe kunaweza kuitwa *mtawanyiko*. Baadaye katika somo hilohilo mwanafunzi hukutana na dhana nyingine, ya wimbi linalokwenda, likakuta kikwazo, na kikwazo hicho kikalitawanya, sehemu ikarudi na sehemu ikapita. Hii nayo, kwa Kiswahili cha harakaharaka, huitwa kutawanyika. Dhana mbili zilizo mbali kabisa huangukia mzizi mmoja, na mhadhara hugeuka ukungu. Dawa imo ndani ya lugha yenyewe. Kiambishi *-ik-* kinafaa kwa lile la kwanza, kwa kuwa hakimtaji mtenda: wimbi limetawanyika, basi. Lile la pili lina mtenda, yaani kikwazo, na linastahili *mtawanyo*. Silabi moja inatosha.

Mlinganyo huo umepewa majina ya Diederik Korteweg na Gustav de Vries, waliouchapisha mwaka 1895. De Vries alikuwa mwanafunzi wa Korteweg huko Amsterdam, na kazi hiyo ilitokana na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1894. Baada ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Inafaa wanafunzi wa uzamivu walifahamu hilo wanapoandika jina lake kwa kifupi, herufi mbili za mwisho katika KdV, kama watu wanavyoandika jina la dawa.

Lakini wimbi lilionekana kabla ya mlinganyo, na lilionekana na mtu mmoja. Agosti 1834 mhandisi John Scott Russell, kijana wa miaka 26, alikuwa akichunguza mwendo wa mashua katika Mfereji wa Union karibu na Edinburgh. Mashua iliyokuwa ikivutwa na farasi wawili ilisimama ghafla, na maji iliyokuwa ikiyasukuma yakajikusanya mbele yake, yakajitenga, yakaondoka peke yao kama kilima kimoja laini, chenye urefu wa takriban meta 9 na kimo cha baina ya sentimeta 30 na 45. Russell alikuwa juu ya farasi. Alilifuata wimbi hilo likienda kwa mwendo wa kilometa 13 au 14 kwa saa, likipungua kimo polepole, mpaka baada ya kilometa mbili tatu likampotea katika mipindo ya mfereji. Kisha akatengeneza tangi, akalizalisha wimbi hilo kwa makusudi mara nyingi, akapima, akagundua kwamba refu huenda kasi kuliko fupi, na akatoa kanuni ya mwendo wake katika taarifa aliyoiwasilisha mwaka 1844.

Wakubwa wa taaluma hawakuipokea. George Airy, aliyekuwa Mnajimu wa Kifalme wa Uingereza, alichapisha mwaka 1845 nadharia ambayo kwayo wimbi la maji ya kina kifupi haliwezi kudumu na umbo moja. Lazima lisimame na kuvunjika. George Stokes naye alikuwa na mashaka. Mtu asiwacheke haraka. Airy alikuwa na kile kipande cha kati cha mlinganyo bila kile cha mwisho, na kwa alichokuwa nacho hesabu yake ilikuwa sahihi. Joseph Boussinesq mwaka 1871 na Lord Rayleigh mwaka 1876 ndio walioonyesha kwamba Russell aliona alichokiona. Russell alifariki mwaka 1882, miaka 13 kabla ya mlinganyo kuchapishwa, na kwa miaka 60 na zaidi baada yake wimbi lake lilikuwa tanbihi katika vitabu vya maji.

Lilirudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Mwaka 1955 ilitolewa taarifa ya Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam kutoka Los Alamos, Marekani, Fermi akiwa amekwisha kufariki Novemba 1954. Walitumia kompyuta iliyoitwa MANIAC kufuatilia mnyororo wa chembe, hadi 64, zilizounganishwa kwa springi zisizo nyoofu kabisa katika tabia zao. Walitia nishati katika mtikisiko mmoja mpana, wakitazamia isambae katika mitikisiko yote kama joto linavyosambaa chumbani. Nishati ilisambaa kidogo, ikazunguka katika mitikisiko michache, kisha karibu yote ikarejea ilikoanzia. Programu ya kazi hiyo iliandikwa na Mary Tsingou. Jina lake limo katika ukurasa wa kwanza wa taarifa, miongoni mwa walioifanya kazi, lakini si miongoni mwa walioiandika. Na kwa zaidi ya nusu karne tatizo hilo liliitwa kwa herufi za wanaume watatu. Mwaka 2008 Thierry Dauxois alipendekeza herufi yake iongezwe, na wengi sasa huiongeza. Somo lenye kujali kiasi hiki majina ya vitu lilichelewa sana kujali majina ya watu.

Norman Zabusky na Martin Kruskal waliichukua fumbo hilo, wakaona kwamba mnyororo ule ukitazamwa kwa mbali hutoa mlinganyo wa Korteweg na de Vries, wakaupeleka kwenye kompyuta. Wimbi pana walilolianzisha lilisimama, halikuvunjika, likagawanyika katika vilima vinane, kila kimoja na mwendo wake, vikakutana na kuachana bila kuharibiana. Katika makala yao ya mwaka 1965 waliviita solitoni. Kiishio hicho kilichaguliwa kwa makusudi: ni kile cha elektroni, protoni na fotoni, na kinadai kwamba wimbi hili lina tabia ya chembe. Kiswahili kililipokea neno bila taabu kwa kuwa ndugu zake walikuwa wamekwisha kukaribishwa. Ni mara chache kiambishi kubeba nadharia nzima, na ni mara chache zaidi nadharia hiyo kuthibitika miaka miwili tu baadaye.

Uthibitisho huo wa mwaka 1967, wa Clifford Gardner, John Greene, Kruskal na Robert Miura, ndio kilele cha somo na ndipo wanafunzi wengi huchoka. Njia yake ni ya mzunguko. Umbo la wimbi la mwanzo huchukuliwa likafanywa shimo katika mlinganyo wa Schrödinger, ule wa mekanika ya kwanta wa mwaka 1926, ambao hauna uhusiano wowote wa dhahiri na maji. Kisha huulizwa: shimo hili lina ngazi ngapi za nishati ambamo chembe inaweza kunaswa? Ajabu ni kwamba wimbi linapobadilika umbo, ngazi hizo hazisogei hata kidogo. Kila ngazi ni solitoni moja. Kisicho ngazi, yaani mtawanyo, hubadilika kwa kanuni nyepesi mno; na kutokana na ngazi na mtawanyo huo umbo la wimbi la wakati wowote ujao hujengwa upya, kwa mbinu iliyotengenezwa na wanahisabati wa Kisovieti katika miaka ya 1950 kwa shughuli nyingine.

Mwanafunzi aliyeandika 10 hurejea hapa kwenye zoezi lake. Kilima chenye kimo cha 6 kikifanywa shimo kina ngazi mbili, moja kwenye -1 na nyingine kwenye -4. Kimo cha solitoni ni mara mbili ya kina cha ngazi yake. Basi ndani ya ile 6 zilikuwamo 2 na 8 tangu mwanzo, wala hazikutokana na kugawanywa kwa 6 kwa namna yoyote ambayo shule ya msingi ingeitambua. Kwa upana uleule, kilima cha 2 kina solitoni moja, cha 6 mbili, cha 12 tatu, cha 20 nne; kilima cha 7 au cha 10 hutoa solitoni zake pamoja na vijiwimbi vinavyobaki nyuma. Wapo wanaosema kwamba siku waliyoelewa jedwali hilo dogo ndiyo siku waliyoamua kubaki katika hisabati, na ni rahisi kuwaamini.

Milinganyo yenye siri ya aina hii huitwa kwa Kiingereza kwa istilahi itokanayo na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kizima. Kiswahili kinaweza kusema *milinganyo inayotatulika*, na kiambishi *-ik-* kinafanya kazi tena: hakidai kwamba fulani ameutatua mlinganyo, bali kwamba kutatuliwa kumo katika tabia yake. Tatizo ni kwamba hakuna fasili moja inayokubaliwa na wote. Wapo wanaotaka idadi isiyo na kikomo ya viasi visivyobadilika. Wapo wanaotaka jozi ya opereta ya Lax. Wapo wanaotaka solitoni za idadi yoyote kwa mbinu ambayo Ryogo Hirota aliitoa mwaka 1971. Mwaka 1991 V. E. Zakharov alihariri kitabu kizima ambacho jina lake ni swali, kikiuliza kutatulika ni nini, na wachangiaji wake hawakujibu kwa sauti moja. Wanaisimu hawapaswi kushangaa. Wao nao hufundisha mwaka hadi mwaka bila kukubaliana juu ya fasili ya *neno*.

Ukosefu wa fasili haumaanishi ukosefu wa mpaka. Mpaka upo, na ni mkali. Katika mlinganyo ule, u ya kipande cha kati ikiwekwa katika mraba, siri inabaki, kama Miura alivyoonyesha mwaka 1968. Ikiwekwa katika kipeo cha tatu, siri inatoweka. Mawimbi pweke bado yapo; kila moja likiwa peke yake linasafiri bila kubadili umbo, na picha yake haitofautiki na ya solitoni. Ila yakikutana, yanagongana kwa maana kamili ya kitenzi hicho: hutoka humo yakiwa yamebadilika kidogo, na nyuma yao hubaki mkia wa vijiwimbi. Yvan Martel na Frank Merle walilithibitisha hilo kwa baadhi ya hali mwaka 2011. Hivyo basi kila solitoni ni wimbi pweke, lakini si kila wimbi pweke ni solitoni, na tofauti yao haionekani mpaka wakutane na wenzao.

Tofauti hii hupuuzwa mno. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyovuka Bahari ya Hindi hata ikaua watu Somalia, Kenya na Tanzania, yalisikika maelezo mengi kwamba bahari ilikuwa imepitisha solitoni. Lakini wimbi lile katikati ya bahari lilikuwa na kimo kisichofikia hata meta moja kwa urefu wa mamia ya kilometa, na kwa vipimo hivyo umbali unaohitajika ili kukaza na kufumua kufikie kulingana ni mkubwa kuliko bahari yenyewe. Neno lilikuwa zuri, likatumika.

Na achukuliwe mwanafunzi ambaye tasnifu yake inahusu mlinganyo wake mwenyewe, aliopewa na msimamizi au alioupata katika tatizo la plazma au la nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, ambamo Hasegawa na Tappert walitabiri solitoni mwaka 1973 na wengine wakaziona katika majaribio mwaka 1980. Ametumia miezi kumi na minane. Amepata wimbi pweke kwa hesabu safi, na katika pendekezo lake, katika kichwa cha tasnifu, hata katika barua ya kuombea fedha, ameliita solitoni. Lililobaki ni kuyakutanisha mawili. Huyaanzisha mbalimbali, kila moja likiwa na umbo lake kamili ili pasiwepo vijiwimbi vya mwanzo, kisha huiachia kompyuta. Mawimbi hukaribiana, hupishana kwa uzuri, huachana. Picha ni ile ya kitabuni. Nyuma yao, pembeni kabisa mwa skrini, maji si tambarare.

Huenda ni kosa la kompyuta. Gridi yake ina hatua kubwa; hatua kubwa huzaa vijiwimbi vya uongo. Huipunguza hatua kwa nusu na kusubiri usiku kucha. Kama mkia ni wa uongo utapungua kwa kiasi kinachojulikana kabla. Hukiandika kiasi hicho kwenye kipande cha karatasi kabla ya kulala, ili asubuhi asijidanganye. Asubuhi mkia upo palepale, na kimo chake hakijapungua. Huipunguza hatua tena. Siku ya tatu mkia bado upo, sasa ukionekana wazi zaidi, laini, wenye umbo lake mwenyewe. Hakuna jozi ya opereta atakayoipata, wala viasi visivyobadilika zaidi ya vile vitatu alivyokwisha kuvipata. Msimamizi hutazama namba, huuliza hatua ilikuwa kiasi gani, hunyamaza. Mwanafunzi hufungua ukurasa wa kwanza wa tasnifu, hulikata neno *solitoni* kwa kalamu, juu yake huandika *mawimbi pweke*, kisha hupekua sura ya nne na kuanza kubadilisha *kupishana* kuwa *kugongana*, mahali pamoja baada ya pengine.